Oma Aliyesoma Mpira Midomoni

Wifi yangu Oma hasikii. Naanza na hilo nisije nikaulizwa katikati ya maneno. Alipatwa na surua akiwa msichana wa shule, homa ikapanda, na iliposhuka ilishuka na masikio yake. Kusema anasema, tena sana, kwa sauti bapa isiyopanda wala kushuka. Ukitaka akuelewe, mtazame usoni na uyatamke maneno yako sawasawa. Na ukitaka kumsengenya, hakikisha umempa mgongo kabisa, maana midomo ya mtu anaisoma toka ng'ambo ya kijito. Wiki ile alipoolewa na kaka yangu Hobert, nilisimama barazani nikamnong'oneza mama kwamba bibi harusi ana miguu ya bata. Oma alikuwa kule chini kabisa anaanika nguo. Akanipigia kelele: "We Zella! Bata anaogelea! Wewe na hiyo miguu ya kuku utazama!" Tukawa marafiki tangu siku hiyo, na mpaka leo hatujamaliza asubuhi bila kutupiana mawili matatu.

Huku kwetu Ruckel, bonde jembamba katika milima ya mashariki ya Kentucky, hatumuulizi mtu kama anapenda mpira wa kikapu. Tunamuuliza mechi alitazamia kwa nani. Timu ni moja tu, vijana wa jezi za bluu wa chuo kikuu cha jimbo, na wengi wetu hata geti la chuo hicho hatujalikanyaga. Baba yangu hakumaliza darasa la sita, alizeekea kwenye mgodi wa makaa ya mawe, lakini timu ikishinda alikuwa anasema "tumewafunga" kama vile mpira wa mwisho kaurusha yeye.

Zamani ilikuwa redio. Jumamosi mchana sebule ya baba ilijaa mpaka watu wanakalia kuni. Mtangazaji alikuwa Clell Rainey, kijana wakati huo, na jamani, yule mtu alijua kusema! Alikuwa akikuambia mpira uko kona ya kushoto, unauona uko kona ya kushoto. Kijana wetu akijikwaa, na wewe unashika goti. Wanaume waliotoka zamu ya usiku mgodini walikaa pale macho mekundu, hawataki kulala, wanamsubiri Clell apandishe sauti. Akipandisha, nyumba nzima inaruka.

Nyumba nzima, toa Oma. Yeye alikaa karibu na jiko na blanketi lake la viraka mapajani, anashona, anatutazama nyuso. Tukiruka anaweka sindano chini. "Nini? Hobert, nini?" Na kaka yangu, sikio likiwa limeganda redioni, anainua mkono bila kumtazama: "Ngoja, nitakwambia." Mechi inaisha, watu wanatoka, wanapigana mabega, ndipo anamkumbuka. "Tumeshinda," anamwambia.

"Basi?" Oma aliuliza siku moja, mbele yetu sote. "Mchana kutwa mnaruka kama mmekalia nyigu, halafu mimi naambiwa neno moja?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana ilichekesha. Lakini niliuona uso wake, na haukuwa uso wa mtu anayetania.

Basi, Jumamosi moja ya baridi tulishuka mjini kununua misumari. Tukakuta watu wamejaa nje ya duka la vifaa, wamelikodolea macho dirisha. Mwenye duka alikuwa ameweka televisheni dirishani, akafunga mlango wateja wasimkanyagie ndoo zake. Ndani ya ile televisheni walikuwamo vijana wetu, wadogo kama vidole, wanakimbia. Mechi yenyewe, wakati uleule inapochezwa! Tulisimama midomo wazi. Kioo kilikuwa kinene, hapakupita sauti hata kidogo, na kwa mara ya kwanza watu wote wa Ruckel tulikuwa viziwi kwa pamoja.

Kocha wetu akaomba muda, akawakusanya vijana, kamera ikamsogelea. Oma akacheka peke yake.

"Unacheka nini?" nikamuuliza.

"Huyo kocha. Anasema yule mrefu anakimbia kama ng'ombe mwenye mimba."

Watu wakageuka. Mchungaji wetu alikuwapo, kavaa kofia yake ya manyoya. "Unasikia anachosema, dada?"

"Sisikii, mchungaji, nasoma. Sasa anamwambia refa..." Akamgeukia. "Hilo siwezi kulisema mbele yako."

"Liseme tu," mchungaji akamwambia. "Tujue tumwombee kwa lipi."

Akalisema. Loo! Watu walicheka mpaka dirisha likafanya ukungu. Mechi ilipoisha Oma alikuwa amesukumwa mpaka mbele kabisa, pua kwenye kioo, wanaume wa mgodini wanamuuliza, "Anasemaje sasa? Anasemaje?" Njia nzima ya kurudi hakufunga mdomo. Misumari tuliisahau.

Wiki ile ile Hobert akauza mbwa wake wawili wa kuwindia. Kwetu mwanamume akiuza mbwa, mjue anampenda mkewe. Akarudi na televisheni kwenye toroli, imefunikwa koti lake.

Kuipata ilikuwa kazi moja, kuifanya ionyeshe kitu kazi nyingine. Mawimbi ya televisheni hayateremki mabondeni. Ilibidi antena isimamishwe juu kabisa mgongoni mwa mlima, halafu waya wa nyuzi mbili uteremshwe mti kwa mti mpaka dirishani. Tawi likianguka, picha imekwenda. Kindi akitafuna, picha imekwenda. Barafu ndiyo usiseme. Mtu lazima aufuate waya mguu kwa mguu mpaka apate palipokatika. Hobert alikuwa mgodini, chini ya ardhi, mchana kutwa, kwa hiyo mtu huyo akawa Oma. Kabla ya kila mechi utamwona anapanda, koleo mfukoni, sketi kaikunja kiunoni, na mimi namwambia mama yule mwanamke atakuja kuolewa na huo mlima.

Mabonde mengine walipigiana kelele: "Imekuja! Imepotea! Rudisha kidogo!" Sisi tungempigia nani? Tukatumia matandiko. Picha ikitulia, shuka jeupe linatandazwa barazani. Ikiwa bado, blanketi jekundu. Oma anatazama toka juu na kuzungusha antena. Jumamosi moja mke wa Burley Stidham, jirani yetu, akafua blanketi lake jekundu akalianika. Maskini Oma alizungusha ile antena mpaka jioni, sisi huku chini tunaona mechi safi, mara imepotea, mara kituo cha jimbo la Tennessee, mara watu wawili wanaongea Kifaransa toka sijui wapi. Alipoteremka na kukuta ni nguo ya kufuliwa, hakuzungumza na mke wa Burley mpaka Pasaka. Tangu hapo hakuna mwanamke wa Ruckel aliyeanika kitu chekundu siku ya mechi, na mabibi harusi wanaoletwa huku hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa jiko liko wapi.

Mwanzoni televisheni ilituonjesha mechi moja moja, kama unavyompa mtoto sukari kwa ncha ya kijiko. Baadaye kila Jumamosi. Baadaye katikati ya wiki pia. Ikafika wakati mwezi wa Machi, mashindano ya vyuo vyote yakianza, nchi nzima inakaa kitako. Tukawajua vijana wa vyuo vya mbali ambavyo hatukujua hata viko upande gani. Harusi haikupangwa Machi. Mchungaji alifupisha mahubiri, na asipofupisha watu walikohoa. Mzee mmoja wa kwetu alizikwa asubuhi na mapema kwa wosia wake mwenyewe, ili waombolezaji wawahi.

Na nyumba ya Hobert na Oma ndiyo ikawa nyumba ya mpira. Lakini tulitazama kwa namna yetu. Watangazaji wa televisheni walikuwa watu wa miji mikubwa, wanayavuruga majina ya vijana wetu, wanawasifu wapinzani. Tukawa tunaizima sauti yao, tunaweka redio juu ya televisheni, na Clell Rainey anatusimulia kile tunachokiona. Jimbo zima lilifanya hivyo. Macho kwenye kioo, masikio kwa Clell. Na kocha akiomba muda, Hobert anapiga kiganja mezani: "Nyamazeni! Oma anasoma!"

Hapo hata Clell alipunguzwa sauti. Oma amekaa kiti chake cha mbele kushoto, mgongo umenyooka, anatoa maneno ya kocha kwa ile sauti yake bapa. "Anasema, namba tatu, mama yako anakutazama, na mimi namwonea huruma." Watu hoi! Wakati mwingine aliuona mchezo unaopangwa kabla haujachezwa, akatuambia mpira utakwenda kwa nani, na ukaenda. Walikuja watu toka mabonde mawili ya juu kumsikiliza mwanamke asiyesikia. Tukiruka, anaruka. Tukishika vichwa, na yeye kashika. Mtoto wake Denver alikulia chini ya kile kiti.

Denver alipokuwa mkubwa alifanya kama vijana wetu wengi, akaenda Ohio kuunda magari. Kijana mzuri, moyo wake uko nyumbani. Majira ya baridi yale, Hobert akiwa ameshastaafu na vumbi la mgodi limeshamkaa mapafuni, anatembea na mtungi wa oksijeni kama mbwa wa mwisho aliyebakiwa naye, Denver alikuja na zawadi. Dishi. Sahani ndogo tu ya kupigilia ukutani, na televisheni kubwa mpya.

"Mama, sasa kupanda mlima basi," akamwambia, akimtazama usoni. "Umepanda vya kutosha."

Picha ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ungeona jasho kwenye nyusi za refa. Waya wa zamani Denver akauchomoa, na barafu ya mwezi wa kwanza ikaumalizia kuuangusha huko mlimani, hakuna aliyejali.

Jumamosi ikafika. Sauti ya televisheni tukazima, redio tukawasha, kila mtu mahali pake. Kijana wetu kashika mpira, bado anaudunda, bado hajaamua. Ghafla Clell akapiga kelele, "Umeingia!" na sisi tukaruka. Oma akageuka kututazama. Akarudi kutazama kioo. Kijana bado anadunda! Ndipo akaruka, akarusha, ukaingia, na sisi tulikuwa tumeshakaa.

Picha ilikuwa inapanda mpaka angani na kurudi. Redio ilivuka mlima tu. Sauti ilifika kwanza, picha ikaja nyuma inachechemea. Sisi tulilalamika kidogo tukazoea. Tulikuwa na Clell, picha ikawa kama ushahidi. Lakini Oma kila kitu alikisoma kwenye nyuso zetu kabla hakijatokea. Alijaribu kutotutazama. Utawezaje kutowatazama watu kumi wanaoruka nyuma yako, sakafu inatikisika? Kwanza alidhani macho yake yanakwisha. Akayafikicha. Akabadilisha kiti. Mapumziko yalipofika akaniuliza jikoni, polepole, "Wifi, mnajuaje?"

Nikamweleza. Alinitazama midomo mpaka nilipomaliza.

"Basi mmerudi kulekule," akasema.

Denver alijisikia vibaya, akasema basi redio izimwe. Tukajaribu mechi moja. Wale watangazaji wa mbali wakaanza kubwabwaja, Burley akavumilia kidogo, kisha akatoka "kuangalia tairi". Mwingine akaenda kumsaidia kuangalia. Dirishani tukawaona wamebanana kwenye pikapu ya Burley, vioo vina ukungu, wanaruka humo ndani gari linayumba. Hobert alibaki kitini kama mtu aliyefiwa. Oma aliona yote. Akainuka, akawasha redio mwenyewe, akachukua blanketi lake la viraka akaenda jikoni.

"Oma, rudi," kaka akasema. Lakini alisema akimtazama mgongo, na mgongo hausomi midomo.

Nilikasirika mimi! Nilimkasirikia Denver kwa wema wake, nikawakasirikia wanaume, nikaikasirikia ile sahani ukutani. Lakini ungemwambia nini Hobert? Clell Rainey alikuwa ameshatangaza kwamba msimu huo ni wake wa mwisho. Sauti iliyomtoa kaka yangu mgodini kila Jumamosi ya ujana wake, sauti iliyokuwapo siku tuliyomzika baba, ilikuwa inakwenda kunyamaza mwezi wa Machi. Umwambie aizime? Oma mwenyewe alikataza kaka asiambiwe. Alikaa jikoni anashona mechi baada ya mechi, na kocha aliomba muda wake, akatukana alivyotukana, hakuna aliyejua alisema nini.

Machi ikaja. Timu ikashinda, ikashinda tena, ikabakiza mechi moja iende fainali, na ikishindwa ndiyo kwaheri ya Clell. Mechi ilikuwa Jumamosi alasiri. Asubuhi nimeketi na kahawa yangu, nikamwona Oma anapita nje, koleo mfukoni, sketi kaikunja kiunoni. Umri wake na huo mlima!

Nikatoka na kandambili. Nikarudi kuvaa viatu. Nikamkuta kwenye mti wa kwanza, ameushika waya wa zamani, anaukwamua kwenye miiba.

"Umeingiwa na wazimu?" nikamwambia usoni.

"Waya huu haupiti angani, wifi. Unapita hapa tu, na redio inapita hapa. Vinafika pamoja." Akageuka, akapanda.

Nami nikapanda, ningefanyaje? Wifi akianguka huko, nitamtania nani? Yeye mbele na waya, mimi nyuma na waya, na kwa kuwa kanipa mgongo nilisema yote niliyokuwa nayo: magoti yangu, ukaidi wake, kaka yangu na redio yake, Ohio na magari yake. Bila kugeuka akasema, "Acha kunung'unika, Zella. Nahisi kwenye waya."

Tuliunga palipokatika, tukafunga kwa vitambaa pale miti ilipokosa misumari. Kule juu antena ilikuwa imeinama. Tukaiinua, tukaisimika kwa mawe. Bondeni Denver, aliyerudi toka Ohio kwa ajili ya mechi, mdogo kama sisimizi, akatoka barazani na blanketi jekundu. Oma akazungusha. Jekundu. Akazungusha tena kidogo, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayeandika. Likatandazwa shuka jeupe.

Akakaa juu ya jiwe. Nilidhani anahema, kumbe analia.

"Mimi sitaki mpira, Zella," akasema. "Mpira hata gazetini nitausoma. Nataka kuruka mnaporuka."

Nikamfuta matope shavuni kwa ncha ya aproni yangu, tukateremka.

Televisheni ya zamani tulikuta Denver ameipandisha juu ya ile mpya, imekaa kama kuku juu ya ng'ombe. Picha chenga tupu. Burley akaingia, akatazama, akashika kiuno. "Hii nini tena? Hapo chini kuna picha inayoonyesha jasho la mtu, sisi tunatazama uji?"

"Kaa," Hobert akasema. Alikuwa anasema kwa vipande, pumzi hazitoshi sentensi. "Ama. Toka."

Burley akakaa. Redio ikawashwa. Oma akasimama mlangoni mwa jikoni, hajaamua. Clell akasema mpira umerushwa juu, na kwenye chenga zile, wakati uleule, mpira ukarushwa juu. Oma akaja akakaa kiti chake.

Ee, mechi ile! Sitaisimulia yote. Tuliruka, akaruka. Kocha aliomba muda, na kupitia zile chenga zote Oma akaeleza: "Anasema... sioni vizuri... anasema kitu kuhusu bibi yake refa." Tulicheka hata zaidi ya kipimo chake, tulikuwa tumemkosa. Hobert hakucheka, mapafu hayamruhusu, lakini alipiga kiganja mezani.

Imebaki dakika moja na kidogo, wametutangulia kwa pointi moja. Upepo wa Machi ulikuwa umeanza kuvuma toka mapumziko, tukajifanya hatuusikii. Picha ikatetemeka. Ikainama. Ikawa mvua nyeupe tupu.

"Hapana!" Burley akapiga kelele. "Si sasa!" Denver akaruka akatafuta rimoti, akawasha televisheni ya chini, na ile nayo ikawa inafikiri, kioo cheusi, inatafuta angani. Redio inaendelea. Clell sauti imeanza kupanda. Watu wote wakainamia redio kama walivyokuwa wanainama kwa baba, shingo mbele, macho hayaoni kitu.

Nikamtazama Oma. Alikuwa ameshageuka kututazama nyuso. Mkono wake ulikuwa unatafuta blanketi ambalo halikuwapo.

"Nini?" akasema. "Hobert, nini?"

Kaka yangu akainua mkono. Nikasema moyoni, haki ya Mungu akimwambia angoje, nitamvunjia ule mtungi kichwani. Lakini mkono ulishika ukingo wa kiti. Akakivuta. Kiti kikalalamika sakafuni, bomba la oksijeni likanaswa, Denver akalinasua. Hobert akakigeuza mpaka akazipa televisheni zote mbili mgongo, magoti yake yakagusana na ya mkewe. Akaanza kusema.

Hakutoa sauti. Pumzi angezitoa wapi? Alichezesha midomo tu, na hiyo ndiyo Oma aliyoihitaji. Clell akisema neno, midomo ya Hobert inalisema. Mpira unakuja kati. Namba kumi na moja anao. Anatafuta njia, hakuna. Anarudisha. Mtu ambaye hawezi kupanda ngazi tatu bila kupumzika alikuwa anakimbia uwanja mzima na Clell Rainey, uso umemwiva, mishipa ya shingo imemsimama, macho hayatoki kwa mkewe. Oma ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Midomo yake nayo ikaanza kucheza, nyuma kidogo tu ya ile ya mumewe.

Zimebaki sekunde chache, akasema Clell, akasema Hobert. Namba kumi na moja anaruka. Anarusha. Unazunguka kwenye chuma. Unazunguka...

"Umetoka," ilisema midomo ya kaka yangu.

"Aaah!" Tulipiga kelele sote, tukashika vichwa, na katikati ya zile kelele niliisikia sauti moja bapa isiyopanda wala kushuka, na Oma mikono yote miwili kichwani, wakati uleule, sawasawa na sisi. Burley alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Redioni Clell Rainey alikuwa anatuaga, sauti inamkatika. Msiba mtupu. Na Oma anacheka, machozi yanamtiririka, anampiga Hobert mapajani: "Tumefungwa! Hobert, tumefungwa!" Utadhani kapewa urithi.

Hobert alikuwa ameegemea, anavuta oksijeni, anatabasamu.

Hapo ndipo televisheni ya chini ikapata picha. Safi, jasho na yote. Namba kumi na moja yuko hewani, mpira ndio kwanza unamtoka mkononi. Burley akashusha kofia, akasogea mbele, macho yamemtoka, na wenzake wote wakasogea naye.

"Subirini," akasema. "Subirini, huenda huu..."

Oma hakuangalia hata kioo.

"Hauingii, Burley," akamwambia. "Hobert kashaniambia."